Redio Isiyoona Iliyofundisha Watoto Kucheza

Hebu nikuulize swali. Ukipewa kazi ya kuwafundisha watoto wa darasa la pili kucheza (sisemi mpira, nasema kucheza muziki kwa mwili mzima, tena kila mtoto kwa namna yake), utachagua kifaa gani? Jibu la wengi wetu nalijua. Utasema televisheni, projekta, au simu yenye YouTube. Mtoto aone, kisha aige. Akili ya kawaida inasema hivyo.

Sasa sikia. Waingereza kazi hii waliifanya kwa redio. Naam, redio, lile sanduku lisiloweza kukuonyesha hata kidole. Mwaka 1934 BBC ilianza kurusha kwa ajili ya shule kipindi kilichoitwa Music and Movement, yaani Muziki na Mwendo. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo watoto wa shule za msingi walivua viatu, wakaingia ukumbini na kusubiri sauti kutoka kwenye spika. Sauti hiyo haikuwaona. Wao hawakuiona. Na walicheza.

Nimekuwa nikisoma habari hizi jioni baada ya kazi, wakati wenzangu wa chumba cha habari wanabishana kuhusu ligi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba upofu wa redio ndio uliokuwa siri ya mafanikio yake. Nitaeleza kwa nini. Ila inabidi tuanzie mbali kidogo, kwenye kwata.

Shule za umma za Uingereza zilipoanza kuenea baada ya sheria ya elimu ya 1870, somo la mwili halikuwa na mchezo ndani yake. Kuanzia 1871 serikali iliruhusu wavulana wafundishwe kwata na muda huo uhesabiwe kama mahudhurio ya shule, si zaidi ya saa 2 kwa wiki na wiki 20 kwa mwaka. Mara nyingi mwalimu alikuwa sajini. Simama wima, geuka kulia, mbele tembea. Madarasa yalijaa watoto wa maskini, nafasi ilikuwa finyu, na kwata haihitaji kifaa chochote. Pia inafundisha utii, jambo ambalo wakubwa hawakulichukia hata kidogo.

Kisha ikaja Vita vya Makaburu ya 1899 hadi 1902. Vijana wengi waliojitokeza kujiunga na jeshi walikataliwa kwa sababu afya zao zilikuwa dhaifu. Serikali ikashtuka. Mwaka 1902 ukatolewa mtaala wa mazoezi ya mwili kwa ajili ya shule, ulioandaliwa kwa mkono wa Ofisi ya Vita, nao ulifanana mno na mafunzo ya askari. Mtoto wa miaka 7 anapewa mazoezi ya kuruta! Ukapingwa sana, na mwaka 1904 ukaja mwongozo mpya. Wakati huo mazoezi ya Kiswidi yaliyoasisiwa na Per Henrik Ling yalikwisha kuwa na mashabiki, kwa kuwa Martina Bergman-Österberg alikuwa amekabidhiwa kuyaingiza katika shule za London tangu 1881. Kiafya yalikuwa bora kuliko kwata. Ila mpango wake ulikuwa uleule: mmoja anaamuru, wote wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayekosea anaonekana mara moja, maana mkono wake uko juu wakati ya wenzake iko chini.

Naomba ulishike jambo hilo: wote, kitu kimoja, wakati mmoja. Tutalirudia.

Huko Geneva, profesa mmoja wa muziki aliyeitwa Émile Jaques-Dalcroze alikuwa na tatizo la aina nyingine. Wanafunzi wake walijua kupiga ala, walijua kusoma noti, lakini mdundo haukuwamo mwilini. Wanahesabu moja, mbili, tatu kama karani wa benki. Akaanza kuwafundisha wautembee muziki: miguu inashika mapigo, mikono inafuata sauti inavyopanda na kushuka. Njia yake ikaenea Ulaya, na mwaka 1913 London ikapata chuo chake cha njia hiyo. Sisi tuliokulia karibu na ngoma tunaweza kucheka kidogo hapa. Profesa mzima anagundua kwamba muziki unaingia kwa miguu! Lakini tukumbuke alikotoka. Katika vyuo vya aina yake muziki ulikuwa wa kukaa kwenye kiti.

Sasa, njia ya Dalcroze ilikuwa na gharama. Ilihitaji mpiga piano hodari, mtu anayeweza kumtazama mtoto anavyokwenda na kubadilisha mdundo papo hapo. Shule ya watoto wa matajiri ingeweza kumlipa. Shule ya kijijini yenye mwalimu mmoja na piano mbovu, au isiyo na piano kabisa, ingefanya nini? Gramafoni ilikuwepo, lakini santuri ya wakati ule iliishia dakika 3 au 4 kwa upande mmoja. Mwalimu angekuwa mtumishi wa mashine: kugeuza santuri, kuzungusha mkono wa gramafoni, kubadilisha sindano, na watoto nyuma yake wanapigana viwiko.

Hapo ndipo redio ilipoingia. BBC ilianza matangazo yake Novemba 1922 kama kampuni. Aprili 1924 ikaanza rasmi matangazo ya shule, na somo la kwanza lilikuwa la muziki, likiongozwa na mwanamuziki Walford Davies. Wengi walikuwa na shaka. Redio za wakati ule zilikwaruza, spika zilikuwa hafifu, na walimu waliogopa kwamba sasa wanaletewa mwalimu wa chuma. Mwaka 1927 yakafanyika majaribio katika shule za Kent, kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Uingereza, kuona kama watoto wananufaika kweli. Mwaka 1929 likaundwa baraza maalumu la kusimamia matangazo ya shule. Kwa hiyo ilipofika 1934 redio ya shule ilikuwa imeshapita umri wa kushangaliwa, na watu wakaanza kujaribu mambo magumu zaidi.

Aliyepewa jaribio la kucheza ni Ann Driver, mwanamke aliyetoka katika shule ya mawazo ya Dalcroze. Mwaka 1936 alitoa kitabu chenye jina lilelile la kipindi chake. Fikiria mtihani aliokuwa nao. Anakaa studio London pamoja na muziki wake. Mbele yake kuna maikrofoni tu. Upande wa pili wa waya kuna watoto asiojua idadi yao, katika kumbi asizoziona, wengine wakiwa kati ya madawati yaliyosukumwa ukutani. Hawezi kusema "fanyeni kama hivi", kwa sababu hakuna "hivi". Hawezi kumsahihisha mtu. Hawezi hata kujua kama wamemaliza.

Basi kilichobaki ni nini? Muziki, maneno na kimya.

Somo la namna hii lina umbo lake. Kwanza watoto wanasikiliza. Kisha sauti inawauliza au kuwadokeza: huu muziki ni mzito au mwepesi? Unakwenda wapi? Halafu muziki unarudi na sauti inanyamaza. Katika kimya hicho cha mwalimu, mtoto analazimika kuamua mwenyewe. Atakuwa jitu linalopanda mlima, au tembo, au mtu anayevuta kamba yenye mzigo? Hakuna wa kumwigiza, isipokuwa jirani yake, na jirani naye ndiyo kwanza anatafuta. Mwalimu wa darasa ambaye hana mafunzo ya dansi anabaki na kazi moja kubwa: kuwa macho ya redio. Yeye ndiye anayeona nani amejificha nyuma, nani amepata jambo jipya, na baada ya kipindi anaweza kusema tuliendeleze. BBC ilikuwa ikitoa vijitabu vya mwongozo kwa walimu ili wajue kipindi kinakwenda wapi na wafanye nini kabla na baada yake.

Ukiangalia vizuri, ni kwata iliyopinduliwa. Kuna sauti moja inayoongoza maelfu ya watoto kwa wakati mmoja, pengine wengi kuliko sajini yeyote aliyewahi kuwaongoza. Lakini kila mtoto anafanya kitu chake.

Hapa naomba tuvuke bahari twende Ujerumani, kwa sababu miaka hiyohiyo kulikuwa na mtu aliyeshughulika na maelfu ya miili kwa njia nyingine, na baadaye mawazo yake yakaja kuibadilisha elimu ya Uingereza.

Rudolf Laban alizaliwa mwaka 1879 katika mji ambao leo ni Bratislava. Alikuwa msanii wa dansi na mtu wa nadharia, na mwaka 1928 alichapisha mfumo wa kuandika mwendo wa mwili kwa alama, kama vile muziki unavyoandikwa kwa noti. Hiyo nayo ni teknolojia, tena kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa mji mmoja angeweza kuandika dansi kwenye karatasi kwa undani huo, akaituma kwa posta, na watu wa mji mwingine wakaicheza bila kumwona.

Alipenda pia makundi makubwa ya watu wa kawaida wanaocheza pamoja, kama kwaya, ila kwaya ya mwendo. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 Laban hakukimbia. Alifanya kazi chini yao, akipokea fedha na vyeo kutoka kwa wizara ya propaganda ya Goebbels. Nalisema wazi kwa sababu waandishi wengi wanaompenda hulipitia haraka. Mwaka 1936, kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin, alitayarisha onyesho la wachezaji wapatao 1,000 kutoka miji mbalimbali. Makundi yalijifunza sehemu zao kwa maandishi yake, kila kundi kwao, kisha yakakutana Berlin. Karatasi ilikuwa imefanya kazi. Goebbels akaja kutazama mazoezi ya mwisho mwezi Juni, na hakupendezwa. Onyesho likapigwa marufuku, na mlango wa Laban ukafungwa. Akaishia Ufaransa akiwa hana kitu, na mapema mwaka 1938 akapokewa Uingereza, Dartington Hall, ambako mwanafunzi wake wa zamani Kurt Jooss alikuwa amepata hifadhi tangu 1934.

Kwa nini Goebbels alikasirika? Watu 1,000 walikuwa wanafanya mambo kwa pamoja, nidhamu ilikuwepo, uwanja ulikuwepo. Mimi naisoma hivi: dola ile ilitaka mwili unaotii, na hata harufu tu ya mwili unaotafuta maana yake yenyewe iliitia wasiwasi. Dola inayojua kazi yake haiogopi watu kucheza. Inaogopa watu kucheza kila mtu kwa akili yake.

Uingereza Laban alikuta vita, viwanda, na rafiki mpya aliyeitwa F. C. Lawrence, mshauri wa mambo ya viwanda. Walichunguza pamoja jinsi wafanyakazi wanavyotumia nguvu, wakati ambapo wanawake wengi walikuwa wameingia kufanya kazi nzito, na mwaka 1947 wakatoa kitabu juu ya hilo. Mwaka uliofuata, 1948, Laban akachapisha kitabu kingine kuhusu dansi ya kisasa katika elimu. Kiini chake kinaelezeka kwa maneno machache. Usimfundishe mtoto hatua. Mfundishe aina za nguvu: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Ukivichanganya uzito, muda na nafasi unapata vitendo 8 vya msingi.

Navitaja kwa Kiswahili uone vilivyo karibu nasi: kusukuma, kupiga, kukamua, kufyeka, kuteleza, kugusagusa, kukung'uta na kuelea. Simama hapo ulipo ujaribu. Kukamua tui la nazi na kukung'uta maji mikononi ni dunia mbili tofauti, ingawa mikono ni ileile. Kufyeka majani kuna nguvu na upana, kuelea hakuna haraka wala uzito. Mtoto wa miaka 6 anayajua yote haya kabla hajajua kusoma. Hakuna haja ya kumwonyesha.

Na sasa unaona kilichotokea. Laban aliwapa watu wa redio kitu walichokihitaji, yaani vitenzi. Hatua za dansi haziwezi kupita redioni, lakini neno "elea" linapita vizuri kabisa. Baada ya vita mawazo yake yakaingia katika vyuo vya ualimu, katika shule na katika vipindi vya Muziki na Mwendo vyenyewe. Chuo chake na Lisa Ullmann kilifunguliwa Manchester mwaka 1946. Huko Birmingham, katika shule ya Steward Street iliyokuwa kwenye mtaa wa viwanda, mwalimu mkuu Arthur Stone alikuwa ameanza kuwaleta watoto kwenye masomo mengine kupitia mwendo na maigizo, na mwaka 1949 Wizara ya Elimu ilichapisha habari za shule yake kama mfano kwa wengine. Mwaka 1952 na 1953 wizara ikatoa vitabu viwili vya mwongozo wa elimu ya mwili kwa shule za msingi, na humo ndimo ule mtindo wa zamani wa amri na safu ulipowekwa pembeni rasmi. Kutoka sajini wa 1871 hadi hapo ni miaka 80 na ushee.

Angalia basi vyombo viwili vilivyopita mikononi mwa mawazo ya mtu mmoja. Karatasi ya alama iliweza kuwafanya watu 1,000 wafanye kilekile kilichoandikwa. Redio, kwa udhaifu wake, ilibeba vitenzi tu, na watoto wakafanya mambo elfu. Simaanishi kwamba maandishi ya dansi ni mabaya. Yameokoa kazi nyingi za sanaa ambazo zingepotea. Nasema chombo hakiamui peke yake. Kinachoamua ni kiasi cha nafasi unachomwachia mtu wa upande wa pili.

Nisije nikaonekana nimeifanya redio malaika. Ilikuwa na matatizo yake. Kipindi kilirushwa saa yake maalumu: kama kengele imechelewa, au watoto bado wanafungua kamba za viatu, kimekupita. Darasa la watoto 40 ukumbini linaweza kuwa soko. Na wako walimu waliowasha redio, wakakaa pembeni na kusahihisha madaftari. Hapo macho ya redio yamefumbwa, na ubunifu unageuka kelele. Waingereza wa rika fulani hadi leo wanatania kuhusu kuambiwa wawe mti. Ukimwambia mtoto awe mti bila kumpa la kufikiri (upepo, mizizi, uzito wa matunda), atainua mikono juu na kusimama. Ubunifu unataka kazi kama somo lingine lolote.

Kilichotatua tatizo la muda ni kinasa sauti cha kanda. Mashine hizo zilipoenea shuleni, mwalimu akaweza kukizuia kipindi, kukirudisha nyuma na kuwaambia watoto warudie. Mamlaka yakahama kidogo kutoka London kuja ukumbini. Santuri nazo zilikuwa zimeboreka. Mwaka 1962 Vera Gray, ambaye mwaka huohuo alichapisha pamoja na Rachel Percival kitabu cha muziki, mwendo na maigizo kwa watoto, alisimamia mfululizo wa santuri za HMV uitwao Listen, Move and Dance. Moja ya santuri hizo ilibeba sauti za Daphne Oram.

Huyu dada anastahili makala yake peke yake. Alikuwa fundi sauti wa BBC tangu miaka ya vita, na mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa karakana ya BBC ya sauti za kielektroniki. Mwaka uliofuata akaondoka na kujenga studio yake mwenyewe katika jengo la zamani huko Kent lililotumika kukaushia mazao ya kutengenezea bia. Huko alitengeneza mashine iliyogeuza michoro kwenye filamu kuwa sauti. Na mtu huyu aliyekuwa ukingoni kabisa mwa teknolojia ya muziki wa wakati wake aliwatengenezea watoto wa shule sauti za kuchezea: milio, mwangwi, sauti zinazopanda na kushuka kwa namna mbalimbali.

Kwa nini mtoto achezeshwe kwa milio ya mashine? Jibu naliona katika historia tuliyoipitia. Ukimpigia mtoto wa Kiingereza muziki wa waltz, tayari ameshaona watu wazima wakiucheza, ataiga. Ukimpigia mchakamchaka, ataanza kuandamana. Lakini sauti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuichezea haina hatua zake. Inabidi azitunge. Oram alifanya kwa sauti kile ambacho redio ilifanya kwa upofu wake: aliondoa kitu cha kuigwa.

Kisha zikaja skrini. Na hapa hadithi inapinda.

Zipo skrini zilizofuata njia ya Oram. Merce Cunningham, mmoja wa watunzi wakubwa wa dansi wa Marekani, alianza kutumia programu ya kompyuta iitwayo LifeForms mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 70. Programu hiyo ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada. Alimpanga mtu wa kwenye skrini katika mikao ambayo mwili wake mwenyewe usingeifikiria, kisha akawauliza wachezaji: hili linawezekana? Kompyuta ikawa swali. Hata kamera ndogo inaweza kutumika hivyo darasani. Watoto wanatunga, wanajirekodi, wanajitazama, wanabishana, wanatunga upya.

Lakini zipo nyingine zilizoturudisha kwa sajini. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa Dance Dance Revolution. Unasimama kwenye mkeka, mishale inapanda kwenye skrini, unakanyaga mshale unaoambiwa kwa wakati unaoambiwa, na mashine inakupa alama. Januari 2006 jimbo la West Virginia, Marekani, likatangaza mpango wa kuupeleka mchezo huo katika shule zake zote 765 za umma, kwa sababu ya unene uliozidi kwa watoto. Nia ilikuwa njema. Mtoto anayetokwa jasho ni bora kuliko aliyelala kwenye kochi. Lakini tuite kila kitu kwa jina lake. Tofauti na redio ya 1934, mashine hii inakuona, inakuona vizuri sana, hadi kisigino. Inajua kila unapokosea. Kitu isichoweza kukijua ni pale unapobuni, maana kwake kubuni ni kukosea. Hiyo ni kwata yenye muziki mzuri.

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mkufunzi wa mazoezi Joe Wicks alikuwa akiongoza watoto wa Uingereza kila asubuhi kupitia YouTube. Tarehe 24 mwezi huo karibu vifaa 955,000 vilikuwa vikimtazama kwa wakati mmoja. Aliwasaidia watoto waliofungiwa ndani, na hilo si dogo. Ila ukimwangalia kwa jicho la historia, ni mtu mmoja mbele, wote wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tumezunguka, tumefika tulipoanzia, na mara hii picha ni safi.

Nasi huku tuna kipande chetu katika hadithi ya redio inayomwinua mtoto kutoka kwenye dawati, ingawa kilitoka ukoo mwingine. Mwaka 1974 timu ya Chuo Kikuu cha Stanford ilianza Nicaragua masomo ya hesabu kwa redio ambapo mtangazaji anauliza, ananyamaza, na darasa linajibu. Kati ya 1980 na 1985 njia hiyo ilitumika Kenya kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini. Na kuanzia 2006 Zanzibar ilikuwa na mradi ulioitwa RISE, wenye vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, vilivyojaa nyimbo na michezo. Lengo lake halikuwa dansi. Lakini silaha yake ilikuwa ileile ya Ann Driver, yaani kimya kilichoachwa makusudi ili mtoto akijaze.

Ndiyo maana nasema historia hii si ya kufurahisha baraza tu. Leo shule nyingi zinapata vishikwambi na projekta, na kila mfadhili anauliza swali moja: kifaa kinaonyesha nini? Mimi ningependa tuulize la pili: kinanyamaza lini? Kifaa kisichonyamaza kinamfundisha mtoto kufuata. Atafuata vizuri, atapata alama nyingi, na video yake itapendwa na watu. Siku atakayotakiwa kuamua mwenyewe, aende wapi, kwa nguvu gani, kwa kasi gani, atageuka kutafuta skrini.

Kwata ya 1871 iliandaa watoto kwa ajili ya kiwanda na jeshi, na haikuwa siri. Sijui kwata ya skrini inawaandaa kwa ajili ya nani. Kama wewe ni mwalimu na una redio, simu au kompyuta moja ya shule nzima, jaribu hili kesho: watoto wavue viatu, washa muziki ambao hawajawahi kuusikia, sema "kamua", kisha nyamaza. Halafu tazama, maana macho ni yako.